USHIRIKA AU DENI? Neno juu ya Mali Wanayopewa Vijana Kuanzisha Kampuni

 

Enyi ndugu zetu, kwa muda sasa katika darsa zetu pamekuwa na suali lirudilo kila mara, nalo huulizwa na watu wa namna mbili. Mwenye mali huuliza: Nikimpa kijana huyu fedha zangu aanzishie kampuni, faida nitakayoipata ni halali kwangu? Na kijana huuliza: Nikitaka mtaji, niuombe kwa njia gani nisije nikaifungua kazi yangu kwa haramu? Tumeona si vyema suali hili lijibiwe kwa maneno mawili matatu mlangoni mwa msikiti, huku mtu akitafuta viatu vyake, kwani ni jambo lenye matawi mengi, na ndani yake mna nyumba za watu na udugu wa watu.

Kwanza tuelewane ni kampuni gani tuzisemazo. Mtu afunguaye duka la nguo sokoni Marikiti ajua mapema kuwa nguo zanunuliwa. Liwe liwalo, hata akishindwa, zitabaki nguo na rafu za kuuza. Kampuni changa si hivyo. Kijana ana fikira ambayo haijajaribiwa: tuseme ni programu ya simu ya kuwakutanisha wavuvi na wenye mahoteli, wapatane bei kabla mashua haijafika pwani. Hajui kama wavuvi wataitumia wala kama wenye hoteli watailipia. Kabla hajapata shilingi ya kwanza itambidi atumie miezi, pengine miaka, akilipa mafundi, akinunua vyombo, akijaribu na kurekebisha. Akifaulu, kazi yake yaweza kukua kwa mwaka mmoja kuliko duka likuavyo kwa miaka ishirini. Akianguka, hakibaki kitu cha kupigwa mnada. Vijana wa namna hii sasa wako wengi kwetu. Nairobi walifunguliwa mahali pao pa kukutana, iHub, mwaka 2010, na hapa Mombasa Swahilipot ilianzishwa mwaka 2016. Akili wanazo. Wanachokikosa ni mtu wa kuwaamini kwa mali.

Huko Marekani jambo hili lilitengenezewa njia zamani. Mwaka 1946, vita vikuu vimekwisha, iliundwa Boston kampuni iliyoitwa American Research and Development, na mkuu wake alikuwa Georges Doriot, Mfaransa kwa kuzaliwa, aliyekuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Harvard. Kazi yake ilikuwa kukusanya fedha za watu na kuzitia katika kampuni ambazo benki hazikuthubutu kuzikaribia. Mwaka 1957 wahandisi wawili, Ken Olsen na Harlan Anderson, walimwendea wakitaka kutengeneza kompyuta. Kampuni ya Doriot ikatoa dola 70,000, na kwa fedha hizo ikapata hisa za kampuni yao mpya, Digital Equipment, zipatazo asilimia 70. Vijana wale wakaenda kupanga sehemu katika kinu kikuukuu cha sufi, mji wa Maynard, wakaanza kazi. Haikupita miaka 15 ila hisa zile zikawa na thamani ya zaidi ya dola milioni 300.

Watu wengi wakisimulia kisa hiki hukimbilia hizo milioni. Sisi twataka msomaji asimame kwenye zile 70,000. Fedha zile zilinunua hisa. Lau kompyuta zile zisingeuzika, Doriot asingekuwa na nyumba ya baba wa mtu ya kuinadi. Ametia mali yake katika chombo pamoja na mabaharia, chombo kikizama azama nacho. Hapo ndipo ilipo siri ya jambo zima. Hao watoao mali mwanzo kabisa, kabla ya wengine, Wamarekani huwaita "malaika", jina lililotoka kwa matajiri waliokuwa wakitoa fedha za michezo ya kuigiza mjini New York. Jina hilo sisi hatulipendi, lakini ule mwenendo wa kukubali kupoteza pamoja na mwenzako hatuwezi kuukataa, kwa sababu ulikuwa wetu kabla haujawa wao.

Vitabu vya Sira vyasimulia kuwa Bibi Khadija (r.a.) alikuwa akiwapa watu mali yake waifanyie biashara kwa sehemu ya faida, na Mtume (s.a.w.) kabla ya kupewa utume alisafiri na mali yake hadi Sham, akifuatana na Maisara, mtumishi wa bibi huyo. Mafakihi wakaifungulia mlango wake katika vitabu vyao, wakaiita mudharaba, na wengine kiradhi: mmoja atoa mali, wa pili atoa kazi, faida wagawana kama walivyopatana, hasara ikitokea bila ya uzembe wala khiana, mwenye mali hupoteza mali yake, na mwenye kazi hupoteza jasho lake. Wala huku pwani hatukuwa wageni wa jambo hili. Wazee wetu waliojua vyombo vya Bandari ya Kale watakwambia kuwa mabaharia wa majahazi hawakuwa wakilipwa mshahara wa mwezi. Safari ikiisha, zilitolewa gharama, kisha lililobaki likakatwa mafungu: la chombo, la nahodha, la mabaharia. Safari mbaya ilikuwa mbaya kwa wote.

Sasa tutazame tufanyavyo leo. Kijana amwendea ami yake, ambaye ameuza kiwanja na ana shilingi 500,000. Amwonyesha fikira yake. Ami avutiwa, asema: "Mwanangu, mimi na wewe ni washirika." Kisha hati huandikwa, na ndani yake mna mambo matatu. La kwanza, kijana atampa ami yake shilingi 25,000 kila mwezi, faida ipatikane isipatikane. La pili, baada ya miaka miwili zile 500,000 zirudi kamili. La tatu, hati ya nyumba ya baba wa kijana iwekwe kwa ami mpaka siku hiyo. Juu kabisa ya karatasi pameandikwa kwa herufi kubwa: MKATABA WA USHIRIKA.

Ndugu zetu, jina halibadilishi kitu. Mtu akiandika "maji" juu ya chupa ya tembo, tembo haitakuwa halali kwa ajili ya wino. Fedha iliyotolewa kwa sharti la kurudi kamili, kazi ifaulu au isifaulu, Sharia huiita karadha, na kila ziada iliyoshurutishwa juu ya karadha ni riba, iwe ni asilimia moja au asilimia hamsini, atoaye awe ni benki au awe ni ami. Ule mpaka uliowekwa katika Sura ya Al-Baqara, Aya ya 275, baina ya biashara na riba, wapita hapa hapa. Mfanya biashara aweza kurudi mikono mitupu, na mla riba amejifungia mlango wa hasara akamwachia mwenzake peke yake.

Na tazama yanayofuata. Kijana aliyefungwa kwa 25,000 za kila mwezi hawezi tena kuijenga kazi yake. Mwezi wa kwanza hulipa kutoka katika zile zile 500,000 alizopewa, na wa pili vivyo hivyo, hata mwezi wa kumi amekwisha kumrudishia ami yake 250,000 za mali yake mwenyewe zikiitwa faida, na ami amefurahi, awahadithia watu barazani kuwa mpwawe ni hodari! Programu haijakwisha, mafundi hawajalipwa, na kijana sasa akopa kwa mwingine ili amlipe wa kwanza. Siku ya kuanguka, aanguka na nyumba ya baba yake. Ndugu wawili waliozaliwa tumbo moja hawaalikani tena harusini. Tumeyaona haya katika miji yetu zaidi ya mara moja, na katika kila hati tuliyoletewa kusoma palikuwa na lile neno "ushirika".

Huenda mtu akauliza: Mwenye mali ana kosa gani akitaka amani ya mali yake? Jawabu lake tulitoe katika kisa kilichomo ndani ya Muwatta ya Imam Malik, mlango wa kiradhi, nacho ni kisa kinachostahili kusomwa polepole.

Watoto wawili wa Sayyidna Umar bin Al-Khattab (r.a.), Abdullah na Ubaidullah, walitoka na jeshi kwenda Iraki. Wakati wa kurudi walipita kwa Abu Musa Al-Ash'ari, aliyekuwa amiri wa Basra. Abu Musa alitaka kuwafanyia wema. Alikuwa na mali ya umma iliyopasa kupelekwa Madina kwa Amirul Muuminina, basi akawakopesha mali hiyo, wanunulie bidhaa za Iraki, waziuze Madina, watoe rasilmali kwa baba yao na faida iwe yao. Wakafanya hivyo, wakapata faida. Sayyidna Umar alipopata habari aliuliza kama kila mtu katika jeshi alikopeshwa namna hiyo. Wakasema la. Akafahamu kuwa wamepewa kwa kuwa ni watoto wake, akawaamuru watoe rasilmali na faida yote. Abdullah alinyamaza. Ubaidullah akatoa hoja: lau mali ile ingepungua au kuangamia, ni sisi ambao tungeilipa. Baba akalirudia neno lake, na mtoto akairudia hoja yake. Ndipo mtu mmoja katika waliokuwa wamekaa pale akashauri mambo yale yafanywe kiradhi. Sayyidna Umar akakubali, akachukua rasilmali na nusu ya faida kwa ajili ya umma, na watoto wake wakachukua nusu ya pili.

Watu wengi husimulia kisa hiki kuonyesha uadilifu wa Sayyidna Umar kwa watoto wake, na ni kweli. Lakini isikilize hoja ya Ubaidullah. Hakusema tulitaabika njiani, wala hakusema sisi ni watoto wa Amiri. Alisema: hasara ingekuwa yetu. Na hoja hiyo, mbele ya mtu mkali wa haki kama Umar, ilitosha kubadilisha hukumu. Ndiyo kanuni waliyoishika mafakihi wote, kwamba faida huandamana na dhamana: abebaye hatari ya kupoteza ndiye mwenye haki ya kupata. Sasa ami katika mfano wetu, ambaye ameitua hatari yote juu ya kichwa cha kijana, adai faida kwa hoja gani?

Hapa yatupasa kuingia kidogo katika fiqhi, nasi tutajaribu tusimchoshe msomaji. Sisi watu wa pwani wengi wetu twafuata madhehebu ya Imam Shafi, na katika madhehebu haya kiradhi ni cha kununua na kuuza. Imam Nawawi katika Minhaj asema kuwa mtu akipewa mali kwa sharti anunue ngano, aisage, aioke mikate, kiradhi hicho hakisihi, kwa kuwa kusaga na kuoka ni kazi za ujira. Kijana wa programu yuko karibu zaidi na mwoka mikate kuliko mchuuzi. Mafakihi wa Kihanbali walipanua zaidi. Wao wajuzisha hata mtu kumpa mwenzake mnyama amfanyie kazi kwa fungu la pato. Mwenye kufuata kauli yao kwa ilimu hatumlaumu. Lakini twaona iko njia isiyohitaji kuhama madhehebu, nayo ni kununua sehemu.

Njia yenyewe ni hii. Kijana asajili kampuni, iwe na daftari zake na hisa zake. Mwenye mali anunue hisa. Wakipatana kuwa shilingi 600,000 ni thamani ya asilimia 20 ya kampuni yote pamoja na fedha hizo zikiwa ndani yake, maana yake wameithamini kampuni kwa shilingi 3,000,000, kijana amebaki na asilimia 80. Kuanzia hapo ni washirika katika kitu kimoja, na faida na hasara zafuata hisa, jambo wanalolikubali Mashafi na wasio Mashafi. Kijana akifanya kazi mchana na usiku, apewe mshahara ujulikanao kwa mkataba mbali, kama mtumishi yeyote. Majadiliano yote yawe juu ya hiyo bei ya hisa, kwani hapo ndipo palipo halali ya kujadiliana: mmoja atasema kampuni yastahili 3,000,000, na mwingine atasema 2,000,000, kama watu wapatanavyo bei ya jahazi. Kisha ajue mwenye mali kuwa siku kampuni itakapotaka fedha nyingine na hisa mpya zikatolewa, fungu lake la asilimia 20 litapungua, ijapokuwa thamani yake yaweza kuongezeka. Asije akadhani ameibiwa.

Twaonya tena juu ya hati zitokazo ng'ambo, kwa kuwa vijana wetu huzichukua katika mtandao wa intaneti na kuzitia sahihi bila ya kuzisoma. Iliyotumika zaidi kwa miaka mingi ni mkopo wenye riba ambao baadaye hugeuzwa hisa. Huo haramu yake i wazi, kwani riba yake huhesabiwa siku kwa siku na yenyewe pia hugeuzwa hisa. Mwishoni mwa mwaka 2013 kampuni ya Marekani iitwayo Y Combinator ilitoa hati nyingine iitwayo SAFE. Hii haina riba wala siku ya kulipwa: mtu hutoa fedha leo, na hupata hisa zake siku kampuni itakapouza hisa kwa bei iliyopatanwa na wengine. Waliitunga kwa ajili ya wepesi wa kazi zao, wala hawakuwa na habari ya dini yetu, lakini wameiondoa riba ambayo baadhi ya wanaoswali safu ya mbele hawajaiondoa. Hata hivyo yabaki mambo mawili ya kuangaliwa. Mnunuzi hajui leo atapata hisa ngapi, na huo ni ujinga katika kitu kinunuliwacho ambao wanavyuoni wana maneno nao. La pili, kwa kawaida hati hiyo husema kuwa kampuni ikifungwa, mwenye SAFE hurudishiwa fedha zake kabla ya wenye hisa za kawaida kupata chochote.

Hilo la pili si dogo, nalo lapatikana katika hisa nyingi zinazouzwa kwa wawekezaji wakubwa. Mwaka 1992, katika kikao chake cha saba mjini Jeddah, Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa liliamua kuwa haijuzu kutoa hisa ambazo mwenyewe hudhaminiwa rasilmali yake au kiwango cha faida, au hutangulizwa mbele ya wenzake wakati wa kufunga hesabu au wakati wa kugawa faida. Ndiyo kanuni ile ile ya Ubaidullah, imevaa nguo za siku hizi. Kijana apewapo hati yenye sharti hilo aombe liondolewe, na amweleze mwenye mali sababu yake. Sharti liombwalo kwa adabu mara nyingi huondoka; lililotiwa sahihi haliondoki.

Mtu mwenye busara atasema: Basi mwanitaka nitupe fedha zangu baharini? La, ndugu yetu. Twataka ujue unapotia. Kampuni changa nyingi hufa, na kufa kwake si dalili ya wizi. Nairobi kampuni ya Kune, iliyokuwa ikipika chakula cha bei nafuu na kuwapelekea wafanya kazi, ilipata dola milioni moja mwaka 2021 na mwezi wa Juni mwaka 2022 ikafungwa. Sendy, iliyokuwa ikichukuza mizigo, ilisimamisha kazi mwaka 2023. Copia, iliyokuwa ikiwafikishia bidhaa watu wa mashambani, iliwekwa chini ya wasimamizi wa kufilisi mwezi wa Mei mwaka 2024, baada ya kukusanya zaidi ya dola milioni 100 kwa miaka yake yote. Hao walikuwa na wahasibu na mawakili, na wawekezaji wao walikuwa watu waliozoea kazi hiyo. Iwapo hayo yaliwafika wao, yaweza kumfika kijana wa Kisauni.

Kwa hivyo twasema: usitie fedha ambazo ukizikosa utakosa kulisha watu wako. Usitie fedha ulizoweka kwa safari ya Hija, wala mahari ya mwanao, wala amana ya mtu. Usitie mali ya yatima, wala mapato ya wakfu wa msikiti. Imepokewa kwa Sayyidna Umar kuwa aliusia mali za yatima zifanyiwe biashara zisije zikaliwa na Zaka, lakini biashara hiyo ni ya kitu kijulikanacho, si fikira isiyojaribiwa. Kisha, fungu lako utakalolitoa usilitie lote mahali pamoja. Doriot naye alitia katika kampuni nyingi, na ni Digital iliyobeba faida kubwa kupita zote. Watu kumi wa mtaa mmoja, kila mmoja akitoa shilingi 60,000, wanaweza kununua hisa katika kampuni tatu za vijana wao. Mbili zikifa, hapana aliyefilisika.

Na afikiriaye kuwa fedha iliyolala ndiyo iliyo salama, na apige hesabu. Shilingi 1,000,000 zikilala mwaka mzima, Zaka yake ni 25,000, na bei za vitu nazo hazilali. Tena twaona watu wasioweza kumpa kijana shilingi 60,000 kwa kuhofu hasara, wakatoa mara kumi ya hizo kwa usiku mmoja wa harusi, na asubuhi yake hakuna hata hisa moja ya kuonyesha!

Wengine hutuambia kuwa kazi hii ni ya benki, kwa kuwa tangu mwaka 2008 Kenya ina benki zifuatazo Sharia. Benki hizo zina manufaa yake, hasa kwa mwenye kununua gari au mashine, kitu kionekanacho ambacho benki hukinunua kisha ikamuuzia. Lakini benki yashika amana za watu wanaotaka kuzichukua wakati wowote, na haielekei kuzitia katika fikira ya kijana. Atakayeweza ni jamaa, jirani, na mfanya biashara amjuaye kijana na tabia yake.

Tugeuke sasa kwa vijana, kwani tukiwalaumu wazee peke yao tutakuwa hatukufanya insafu. Kijana atafutaye mtaji husimama mbele ya watu akasema kampuni yake itakuwa na watumiaji laki tano baada ya mwaka. Umejuaje? Kusema "natarajia" na kuonyesha hesabu yako ni halali. Kusema "nina wateja mia tatu" ilhali unao thelathini na waliobaki ni marafiki zako uliowaomba waandike majina, huko ni kuficha aibu ya bidhaa, na mauzo ya hisa ni mauzo kama mengine. Mwambie mnunuzi kasoro za kampuni yako kabla hajazigundua. Kisha mali ukishapewa, si yako. Tumesikia vijana waliopata fedha za hisa wakaanza kwa kubadilisha simu na kukodi afisi yenye viti vya ngozi. Weka daftari. Kila miezi mitatu waandikie wenye hisa: kilichoingia ni hiki, kilichotoka ni hiki, kilichobaki ni hiki. Habari mbaya ziandike mapema kuliko nzuri. Kwani ile kanuni ya kuwa hasara ni ya wenye mali ina sharti lake, nalo ni kuwa mfanya kazi hakuzembea wala hakukhini. Akizembea, dhamana yarudi juu yake, na asiye na daftari ataonyesha nini mbele ya Kadhi?

Na wote wawili wajihadhari na wale wavaao nguo za wawekezaji hali ni waporaji. Mwaka 2007 Wakenya wengi walipoteza akiba zao katika vyama vilivyoahidi kuzizidisha fedha kwa muda mfupi, na waliolipwa mwanzo walilipwa kwa fedha za waliokuja nyuma. Alama yao ni moja: huahidi faida maalumu kwa siku maalumu. Mwenye kampuni ya kweli hawezi kukuahidi hilo.

Mtakapoandikiana, iandikeni hati wazi, mbele ya mashahidi wawili, kwani Aya ndefu kupita zote katika Qur'ani, ya 282 katika Al-Baqara, imekuja kuhusu uandishi wa madeni, na kwa ushirika ni aula zaidi. Andikeni kiasi cha mali na idadi ya hisa. Andikeni mshahara wa kijana. Andikeni ni mambo gani hawezi kuyafanya bila ya idhini, kama kukopa au kuuza programu yenyewe. Andikeni mwenye hisa akitaka kutoka, au akifa, hisa zake zitauzwa kwa nani na bei itapatikana vipi. Hili la mauti watu huliona haya, na ndilo liletalo ugomvi wa warithi. Wala msiandike kiasi cha fedha kilichodhaminiwa.

Lililobaki ni la wale ambao tayari wana hati za namna ya ile ya ami na mpwawe. Hao twawashauri wasingoje mpaka kazi ianguke. Wakutane sasa, maadamu wapo katika salama. Mwenye mali achague moja katika mawili. Akitaka kuwa mdai, basi ni mdai wa rasilmali yake tu: kila alichokipokea mwezi kwa mwezi kihesabiwe kuwa ni malipo ya rasilmali hiyo, na kilichobaki ampe kijana muhula mpaka apate, kama tulivyoamrishwa katika Aya ya 280 ya Sura hiyo hiyo. Akitaka kuwa mshirika, basi kilichobaki kigeuzwe hisa kwa bei watakayoridhiana leo, na hatari iwe juu yao wote wawili. Katika hali zote mbili yale malipo ya kila mwezi yakome, hati ya nyumba irudishwe kwa mwenyewe kwa kuwa hakukopa yeye, na ile karatasi ya zamani ichanwe mbele ya mashahidi wale wale walioitia sahihi.